Siku ya Upatanisho na Deni la Jirani

Masomo: Walawi 16:29-34, Hesabu 5:5-8, Mathayo 5:23-24

 

Leo twataka kuitazama sikukuu moja ya Wayahudi. Kwa Kiebrania huitwa Yom Kippur, nasi katika Biblia yetu twaijua kwa jina la Siku ya Upatanisho. Ni siku ya kumi ya mwezi wa saba kwa hesabu ya Torati, na katika kalenda yetu huangukia Septemba au Oktoba. Kwa Wayahudi wengi hiyo ndiyo siku kuu kupita zote za mwaka.

Yamkini mtu atauliza: "Mchungaji, sisi tu Wakristo. Sikukuu za Wayahudi zatuhusu nini?" Swali hilo ni jema. Mtume Paulo aliwafundisha Wakolosai kwamba mtu asihukumiwe kwa habari ya sikukuu, wala hatuwaambii leo mfunge kama Wayahudi wanavyofunga. Lakini Bwana Yesu alizaliwa Myahudi, akalelewa katika sikukuu hizo, na maandiko aliyojifunza tangu utoto ni Torati na Manabii. Neno lenyewe Torati, maana yake si amri tu, ni mafundisho. Mwanafunzi mwema hakidharau kitabu alichojifunzia mwalimu wake. Tena watu hawa si wageni kwetu. Hapa Nairobi ushirika wa Wayahudi ulianza mwaka 1904, na sinagogi yao iko karibu na Chuo Kikuu. Wakati wanapofunga Yerusalemu, wako wanaofunga hapa pia.

Basi tuulize: katika siku hiyo kuna neno gani kwa kila mmoja wetu?

Siku hiyo zamani

Walawi sura ya 16 yatueleza jinsi ilivyokuwa. Kuhani mkuu alioga, akavaa mavazi ya kitani. Kwanza alitoa ng'ombe kwa ajili ya dhambi zake mwenyewe na za nyumba yake, maana hata kuhani mkuu ni mtu. Kisha waliletwa mbuzi wawili, kura ikapigwa juu yao. Mmoja alichinjwa, na damu yake ikapelekwa ndani ya pazia, mahali patakatifu mno. Juu ya kichwa cha yule wa pili kuhani aliweka mikono yake miwili, akaungama maovu yote ya Waisraeli, na mbuzi akapelekwa jangwani na mzigo huo.

Hapa lugha yetu yatusaidia. Neno Kippur lina shina moja na neno la Kiarabu lililotupatia sisi neno kafara. Nasi twajua kafara ni kitu gani: ni kitu kitolewacho ili baya liondoke kwa watu. Mwisraeli aliyesimama akimtazama mbuzi yule mpaka akatoweka machoni, alijifunza kwamba dhambi ni mzigo wa kweli. Haiondoki yenyewe kwa kupita miaka, wala haifi kwa kunyamaziwa.

Katika mwaka wa 70 baada ya Kristo, jeshi la Warumi liliuteka Yerusalemu na kuliteketeza hekalu. Tangu hapo hakuna kuhani mkuu aingiaye ndani ya pazia, wala hakuna mbuzi apelekwaye jangwani. Wayahudi wakaishika siku hiyo kwa kufunga, kwa sala na kwa toba. Mpaka leo huanza kabla ya jua kutua, wakakaa yapata saa 25 bila chakula wala maji. Hawaogi kwa anasa, wala hawavai viatu vya ngozi. Katika sinagogi huungama dhambi kwa kusema "sisi", si "mimi" peke yake. Hata mtu ambaye hakuiba huungama wizi pamoja na wenzake. Jua likiisha kutua, baragumu la pembe ya kondoo hupigwa kwa mlio mrefu, na watu huenda kufungua saumu yao.

Wapendwa, mpaka hapo twaweza kusema, "Ibada nzuri," tukaendelea na shughuli zetu. Lakini lipo jambo katika siku hiyo linalotugusa zaidi, nalo ndilo tulilowaitia leo.

Dhambi ambazo siku hiyo haiziondoi

Waalimu wa Kiyahudi wanacho kitabu cha mapokeo kiitwacho Mishna, kilichokusanywa yapata mwaka 200 baada ya Kristo. Humo twamkuta mwalimu mmoja, Rabi Eleazar ben Azariah, akiutafakari mstari wa 30 wa Walawi 16, usemao kwamba siku hiyo watu watatakaswa dhambi zao mbele za Bwana. Aliyapima maneno hayo, mbele za Bwana, akafundisha hivi: dhambi zilizo baina ya mtu na Mungu, Siku ya Upatanisho huzipatanisha, lakini dhambi zilizo baina ya mtu na mwenzake, siku hiyo haizipatanishi mpaka amridhishe mwenzake kwanza.

Tusilipite neno hilo mbio. Yupo mtu aliyefunga siku nzima. Amesimama tangu asubuhi, midomo imekauka, magoti yamechoka, ameungama kwa machozi. Lakini mwaka jana usiku alilisogeza jiwe la mpaka hatua 3 ndani ya shamba la mjane. Waalimu wale wasema kwamba mtu huyo akitoka sinagogini jioni, deni lake kwa mjane liko palepale lilipokuwa asubuhi. Hakulipunguza hata senti moja. Kwa nini? Kwa sababu shamba ni la mjane. Yeye ndiye aliyeumizwa, na haki yake haiwezi kutolewa sadaka na mtu mwingine. Mungu ni mwingi wa rehema, lakini rehema yake haimruki mjane kana kwamba hayupo.

Mishna yaongeza tena. Mtu akisema moyoni, "Nitakosa, kisha Siku ya Upatanisho itaniondolea," basi siku hiyo haimwondolei. Amefanya rehema ya Mungu kuwa mfuko wa kutolea gharama za uovu wake.

Ndiyo maana siku zinazotangulia sikukuu hiyo, ni desturi Wayahudi kuwaendea ndugu, majirani na watu wa kazini mwao kuomba radhi. Njia ya kwenda sinagogini hupitia mlangoni pa jirani.

Mali na sehemu ya tano

Fundisho hilo waalimu hawakulibuni. Torati yenyewe yalisema wazi. Soma Walawi 6:1-7, kisha Hesabu 5:5-8. Mtu akiwa amedhulumu, ameiba, au amekana kitu alichowekewa amana, yampasa kuungama. Kisha airudishe mali yote, aongeze na sehemu ya tano juu yake, ampe mwenyewe. Baada ya hayo ndipo amlete kondoo wa sadaka ya hatia. Angalieni utaratibu wa Walawi: mali kwanza, kondoo baadaye.

Tuhesabu kwa fedha zetu. Ikiwa ulimdhulumu kijana wa kuchunga ng'ombe mshahara wa shilingi 5,000, utamrudishia 5,000 na juu yake 1,000. Hiyo 1,000 ni ya nini? Kijana huyo alilala na njaa. Labda alikopa. Labda mamaye alikosa dawa. Torati yajua kwamba kumrudishia mtu kilekile ulichochukua si kumrudisha mahali alipokuwa. Na ikiwa aliyedhulumiwa hayupo tena, wala hana jamaa wa kupokea, Hesabu 5:8 yasema malipo hayo hupewa kuhani kwa ajili ya Bwana. Kufa kwa mdai hakufuti deni.

Boriti iliyo ndani ya nyumba

Siku ya Upatanisho, wakati wa alasiri, kitabu cha Yona husomwa chote katika sinagogi. Twakijua kisa hicho: watu wa Ninawi walifunga, wakavaa magunia, hata wanyama wakavikwa. Lakini waalimu waliona jambo katika Yona 3:10. Maandiko hayasemi kwamba Mungu aliyaangalia magunia yao na kufunga kwao. Yasema aliyaangalia matendo yao, jinsi walivyoiacha njia mbaya.

Na wakieleza matendo hayo yalikuwa gani, waalimu wa Talmudi walisema hivi: hata mtu wa Ninawi aliyekuwa ameiba boriti, akaijenga ndani ya nyumba yake, aliibomoa nyumba nzima ili amrudishie mwenyewe boriti yake.

Hebu tuione nyumba hiyo. Boriti iko juu, imebeba paa. Watoto wamezaliwa chini yake. Wageni wamekaribishwa, sala zimesaliwa. Miaka imepita, na hakuna mtu akumbukaye ilikotoka, ila wawili: aliyeichukua na aliyechukuliwa. Wahenga wetu walisema, mwenye kovu usidhani kapoa.

Wapendwa, baada ya uchaguzi wa mwezi wa Desemba 2007, nchi yetu ilipita katika moto. Watu zaidi ya 1,000 walikufa, na mamia ya maelfu walikimbia makwao. Tumeomba mara nyingi kwa ajili ya amani, na ni vema. Lakini ikiwa katika nyumba fulani mabati yaliyo juu ya paa ni ya jirani aliyekimbia, au ng'ombe wanaokamuliwa asubuhi ni uzao wa ng'ombe wake, basi sala ya amani inayosaliwa chini ya paa hilo ina neno la kujibu. Aliyekimbia huenda amerudi. Huenda Jumapili anaketi benchi la tatu, nawe la tano, mkapeana mikono mlangoni, naye akiyajua mabati yake.

Mtu atasema, "Mchungaji, nikibomoa, watoto wangu watalala wapi?" Waalimu walilijua swali hilo. Ndiyo maana Mishna yaweka pia kanuni nyingine yenye huruma: ikiwa boriti iliyoibwa imekwisha kujengwa ndani ya nyumba, aliyeiba aweza kulipa thamani yake badala ya kuibomoa nyumba. Sababu yake ni nzuri mno: walitaka kumfungulia njia mtu atakaye kutubu, asije akaona mlima mkubwa mbele yake akakata tamaa, akabaki na wizi wake. Basi sheria haikusudii kumwangamiza mkosaji. Yataka alipe kwa namna anayoweza, lakini alipe kweli.

Kuomba radhi mara tatu

Fedha peke yake haitoshi. Jambo hili alilieleza vizuri mwalimu mkuu Maimonides, aliyezaliwa Hispania, akaishi Misri akiwa tabibu, na kufa huko mwaka 1204. Katika kitabu chake cha sheria alifundisha kwamba hata mtu akiisha kulipa mali yote, bado yampasa kumwendea aliyemkosea, kumtuliza na kumwomba msamaha. Akikataliwa, arudi pamoja na rafiki watatu. Akikataliwa tena, arudi mara ya pili, na ya tatu. Ikiwa baada ya hapo yule hataki kabisa, amwache. Sasa yule asiyetaka kusamehe ndiye aliye na kosa. Lakini ikiwa uliyemkosea ni mwalimu wako, utamrudia hata mara elfu.

Na je, ikiwa amekufa? Maimonides asema mkosaji awachukue watu kumi waende pamoja naye kaburini, aungame hapo mbele yao ya kwamba alimkosea Mungu na kumkosea marehemu huyo. Kama alikuwa na deni lake, awalipe warithi. Sisi hatuwaombi wafu. Lakini tunaweza kujifunza hapa: kosa lililotendwa hadharani lisiungamwe gizani, na watoto wa marehemu wasinyimwe haki kwa sababu baba yao amelala.

Angalieni pia nani mwenye mzigo wa kwenda. Ni mkosaji. Wakati mwingine katika makanisa yetu twaugeuza mzigo huu. Mama amepigwa, au mjane amenyang'anywa shamba na shemeji zake, nasi wazee twamwendea yeye na kumwambia, "Samehe tu, mama, tusilete aibu kanisani." Huyo aliyenyang'anya hatujamwendea, wala shamba halijarudi. Huo si upatanisho, ni dhuluma ya pili. Ni kweli kwamba Bwana anatuamuru tusamehe, nasi twamwomba mjane asiutunze uchungu moyoni. Lakini mwenye kuomba radhi na aende kwanza, na shamba liende pamoja naye. Na palipo na jambo la serikali, msamaha wa kanisa haulifungi baraza la mahakama.

Na sisi tulio wa Kristo?

Sasa twafika mahali penye hatari kwetu Waprotestanti. Tumefundishwa, nasi twaamini, kwamba Kristo ndiye kuhani wetu mkuu. Waebrania sura ya 9 yatwambia ya kuwa aliingia mara moja tu, kwa damu yake mwenyewe, wala hakuna haja ya mbuzi mwingine. Twaokolewa kwa neema kwa njia ya imani. Hilo ndilo tumaini letu, wala hatulipunguzi hata kidogo.

Lakini moyo wa mtu ni mjanja. Huweza kulichukua neno hilo tamu na kusema, "Nimeungama kwa Yesu, yamekwisha," na mjane bado analia nje ya ua. Je, Yesu alifundisha hivyo? Katika Mathayo 5:23-24 asema kwamba ukiwa umefika madhabahuni na sadaka yako, ukakumbuka kwamba ndugu yako ana neno juu yako, uiache sadaka hapohapo uende upatane naye kwanza. Ndilo fundisho lilelile la Torati: jirani kwanza, kondoo baadaye. Aliyetufia msalabani ndiye huyu huyu anayetutuma tuondoke madhabahuni twende kubisha hodi.

Mtazameni Zakayo katika Luka 19. Yesu aliingia nyumbani mwake kabla hajalipa hata senti. Neema ilitangulia. Lakini neema hiyo ilipoingia, mkono wa Zakayo ulifunguka: nusu ya mali kwa maskini, na kwa kila aliyemdhulumu, mara nne. Malipo hayakuwa bei ya wokovu. Yalikuwa nyayo zake, ambazo watu wa Yeriko waliweza kuziona.

Wazee wetu wa Kianglikana walilijua jambo hili. Kitabu cha Sala cha mwaka 1662 chawaonya wanaojiandaa kwa Meza ya Bwana wapatane na jirani zao, na wawe tayari kuwarudishia waliowadhulumu, kadiri ya uwezo wao. Na Uamsho uliotokea Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930, ukaenea mpaka Uganda, Kenya na Tanganyika, watu waliujua kwa ishara hiyo: waliookoka walirudisha vitu walivyoiba. Aliyerudishiwa jembe lake hakuhitaji kuhubiriwa sana kwamba Mungu yu hai.

Basi tufanye nini wiki hii? Kabla ya kuijia Meza ya Bwana Jumapili, tuketi mahali pa utulivu, tuchukue karatasi na kalamu. Tuandike jina moja tu. Si majina ya waliotukosea. Hayo twayakumbuka bila karatasi. Tuandike jina la mtu tuliyemkosea sisi. Kando yake tuandike tulichochukua: fedha, mpaka, mshahara, urithi wa yatima, au jina lake jema tulilolichafua kwa maneno. Kisha twende kwake. Ikiwa ni mali, twende nayo, na kitu juu yake. Ikiwa hatuna yote, twende na sehemu na ahadi ya kweli. Ikiwa ni maneno, twende kwanza kwake, kisha kwa wale tuliowaambia, tukaseme kwamba tulisema uongo. Hilo la pili ni gumu, maana maji yakimwagika hayazoleki. Lakini tunaweza kuacha kumwaga mengine. Tukikataliwa, tusikasirike. Twende tena, tukiwa na rafiki.

Na wewe uliyekosewa, ukisikia hodi wiki hii, kumbuka kwamba huyo aliye mlangoni amesafiri mbali sana, hata kama nyumba yake iko ng'ambo ya pili ya barabara.

Tuombe.

Ee Baba wa rehema, uliyetupatanisha nawe kwa damu ya Mwanao, tumekukosea wewe, na tumewakosea jirani zetu. Tukumbushe jina ambalo tumejisahaulisha. Utupe miguu ya kwenda, mikono ya kurudisha na midomo ya kusema kweli. Wafariji wote waliodhulumiwa, uwarudishie haki yao, na nchi yetu uiponye. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.